Ukimwona Mgeni, Umwambie Nani?

Bomu likilipuka Uganda, moshi haujatulia redio zimeshaanza: wananchi muwe macho, mkimwona mtu msiyemwelewa toeni taarifa. Tuliambiwa hivyo Julai 2010, tukaambiwa tena Oktoba na Novemba 2021, na Juni 2023 zamu ikawa yetu sisi wa Bwera, mpakani na Congo. Sibishani na ushauri wenyewe. Ninachouliza ni hiki: nimwambie nani? Kwa namba ipi? Nikishasema, mimi na watoto wangu tutabaki salama? Na yule niliyemtaja, kama kumbe ni mchuuzi tu aliyechelewa kuvuka, atarudi kwake akiwa mzima?

Nina kibanda cha mobail mani hapa Bwera, kwenye barabara inayoshuka kwenda daraja la Mpondwe. Nauza pia laini za simu, madaftari na kalamu, maana shule haziko mbali. Wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, Kasindi na Beni, na tunaelewana kwa Kiswahili. Kampala ukimsemesha mtu Kiswahili ghafla anashtuka, anadhani amesimamishwa kwenye kizuizi cha jeshi. Huku kwetu ndiyo lugha ya kupatania bei ya maharage na vitenge. Nalitaja hili ili msomaji ajue nimekaa wapi ninapoandika. Mambo ya kuzuia ugaidi husemwa sana na watu waliotoka semina hotelini, na wao wakisema usalama wanamaanisha wenye sare.

Nianze na adhabu, kwa sababu ndiyo jibu la kwanza la kila mtu mwenye hasira. Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002 ina adhabu ya kifo ndani yake. Swali ni kwamba kitanzi kinamtisha nani. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka Kyadondo Rugby Club na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala. Watu 74 walikufa. Al-Shabaab wakasema ni wao, kisasi kwa Uganda kupeleka wanajeshi Somalia tangu 2007. Waliobeba mabomu yale walikuwa wameshakubali kufa kabla hawajatoka nyumbani. Huwezi kumtisha mtu kwa kitu alichokwisha kukichagua mwenyewe.

Lakini lilikuwepo bomu jingine, Makindye, kwenye jumba la disko. Fulana ya kujilipua ilikutwa ndani ya begi, haijalipuka, na pamoja nayo simu. Simu ile ndiyo iliyowafungulia wapelelezi njia. Kutoka hapo wakapatikana watu wa aina nyingine kabisa: mwenye kupanga nyumba, mwenye kuleta mizigo kupitia mpaka, mwenye kuwapokea wageni na kuwatembeza mjini. Hao hawakutaka kufa. Walitaka kumaliza kazi, wale, walale, waamke. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwahukumu watano kifungo cha maisha na wawili miaka 50, wala hakumpeleka yeyote kwenye kitanzi. Nadhani alifanya vyema. Mtu wa aina hiyo, anayekodisha chumba na kubadilisha laini, anaogopa kukamatwa. Ukali wa adhabu haumsumbui sana ikiwa anaamini hatakamatwa kamwe. Na ili akamatwe mapema lazima kuwe na jirani, dereva wa boda, mwenye nyumba au wakala kama mimi aliyeona kitu na akaona hana hasara kusema.

Hasara ya kusema si ya kufikirika. Kesi hiyo hiyo ya mabomu ya 2010 ilikuwa mikononi mwa mwendesha mashtaka Joan Kagezi. Tarehe 30 Machi 2015 alipigwa risasi Kiwatule, Kampala, watoto wake wakiwa naye kwenye gari. Huyo alikuwa mtu wa serikali, mwenye cheo. Mimi wa kibandani nitalindwa na nani? Sheria ya kuwalinda mashahidi imezungumzwa nchini humu miaka na miaka, na kila nikiisikia redioni nazima nikaendelea na wateja.

Kuhusu askari wa geti, sitasema mengi. Kila aliyewahi kuingia supamaketi Kampala anamjua: ana kile kifaa cha kukagulia chuma, anakipitisha kiunoni mwako, kinalia, anakuuliza "simu?", unasema "simu", unapita. Mkoba anaufungua kidole kimoja, anaangalia juu juu, anafunga. Wenzangu wanamcheka. Mimi simcheki. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2021 mlipuaji wa kwanza alijilipua kwenye kituo cha ukaguzi cha polisi ya kati, CPS, hakufika ndani. Dakika chache baadaye wawili waliokuja na pikipiki wakajilipua karibu na Bunge. Geti linamsimamisha mtu getini, basi, na anayelipia ni yule aliyesimama hapo kwa mshahara usiotosha kodi ya chumba. Wiki tatu kabla yake, Komamboga, watu waliingia kwenye baa ya nyama ya nguruwe kama wateja, wakaacha mfuko chini ya meza. Pale hapakuwa na geti la kuzungumzia. Msichana aliyekuwa akihudumia alikufa. Huwezi kuweka askari kila penye meza na nyama.

Sasa nirudi nyumbani.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF, waasi wa Uganda wanaojificha misitu ya Congo, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kama kilomita mbili hivi kutoka mpakani. Wavulana walijifungia bwenini. Washambuliaji waliposhindwa kuingia wakawatupia moto. Wasichana walikatwa mapanga. Wanafunzi 37 waliuawa, na ukiwahesabu mlinzi na wanakijiji idadi ilipita 40. Wengine walitekwa wabebe chakula kilichoibwa, wakaelekezwa upande wa mbuga ya Virunga. Wazee wa huku hawakuhitaji kuelezwa ni kina nani. Walisema palepale: Kichwamba. Tarehe 8 Juni 1998, ADF haohao walichoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakaua wanafunzi 80. Ilikuwa miaka 25 imepita, mwezi uleule wa sita, mabweni tena.

Kilichoniuma zaidi kilisemwa baada ya mazishi. Meja Jenerali Dick Olum, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Uganda ng'ambo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba taarifa za kijasusi zilionyesha waasi wako karibu na mpaka siku mbili au zaidi kabla ya shambulio. Siku mbili! Kwa siku mbili unaweza kuwarudisha wanafunzi wa bweni wote makwao, kwa miguu. Kwa hiyo nikisikia kwamba tatizo ni wananchi kutotoa taarifa, nakumbuka kwamba safari ile taarifa ilikuwepo, tena mikononi mwa wenye bunduki, na mtoto aliyelala Lhubiriha haikumfikia kwa namna yoyote.

Hapa ndipo ningependa pesa zetu za usalama ziangaliwe. Ngazi ya taarifa kwetu ni hii: mwananchi anamwambia mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mwenyekiti anamwambia giso, afisa usalama wa kata ndogo, giso anapeleka kwa diso, mkubwa wake wilayani, halafu kuna polisi, kuna jeshi, kila mmoja na mkubwa wake Kampala. Taarifa inapanda. Sijawahi kuona ikishuka. Mwalimu mkuu hayumo kwenye ngazi hiyo, wala mwenye nyumba ya wageni, wala mhudumu wa zahanati, ingawa hao ndio wenye watu ndani ya majengo usiku.

Mwenyekiti wa LC1 mwenyewe mtazame kwa karibu. Wengi walichaguliwa 2018, na uchaguzi ule ulikuja baada ya miaka 17 bila mwingine. Malipo yake yanayojulikana ni shilingi 10,000 kwa mwezi, ambazo huja kwa mkupuo wa mwaka zikija. Kwa hela hiyo anatakiwa amjue kila mgeni. Nimeliona daftari la wakazi la mwenyekiti mmoja, kaunta buku lenye jalada gumu jekundu, kona zimeliwa na panya. Safu zimechorwa kwa rula: jina, alikotoka, namba ya kitambulisho, amepanga kwa nani, simu. Kurasa za mwanzo zimejazwa kwa mwandiko mzuri. Baadaye safu ya kitambulisho inaanza kuwa tupu, halafu ya simu, halafu majina yenyewe yanakuwa ya upande mmoja: "Mama Baraka", "fundi", "Mkongo wa mihogo". Daftari halikushindwa kwa sababu mzee ni mzembe. Hakuna aliyewahi kuja kulisoma. Ukiandika miaka na hakuna anayesoma, na wewe utafika kwenye "Mkongo wa mihogo".

Pembeni ya hapo kuna barua ya utambulisho, yenye muhuri wa LC. Kila mtu Uganda anajua barua hiyo inapatikanaje: unatoa kitu kidogo, unaandikiwa kwamba wewe ni mkazi wa siku nyingi na mwenye tabia njema. Mwenyekiti anayelipwa shilingi 10,000 ataishi kwa muhuri. Mlipe vizuri, mtumie mtu wa kulisoma daftari kila mwezi na kuuliza maswali, na utakuwa umenunua kitu ambacho kamera za Kampala hazikupi. Kamera zilifungwa kwa mamilioni ya dola, na zinasaidia sana baada ya tukio. Mpondwe watu hupita njia za panya, kwenye mashamba ya kahawa, na kamera haioni ndani ya kahawa.

Kuna jambo zito zaidi, na watu wa Kasese, wilaya yetu, wanalijua ingawa hawaliandiki. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 jeshi na polisi walivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Waliokufa ni pamoja na polisi, nao walikuwa na mama zao. Mfalme, Omusinga Charles Wesley Mumbere, alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, uhaini na ugaidi, akakaa miaka nje ya wilaya yake. Mashtaka yakaondolewa Juni 2023, mwezi uleule wa Lhubiriha. Fikiria basi mama wa Kikonzo, kabila la mfalme huyo, ambaye mwanawe hakurudi kutoka ikulu ile. Unamtaka usiku atoke, aende kambini, amwambie afande kwamba ameona vijana wasiojulikana karibu na mto. Atakaa ndani afunge mlango, na mimi sitamlaumu.

Neno ugaidi limetumiwa ovyo hivyo mara nyingi. Desemba 2020, uchaguzi ukikaribia, akaunti za benki za mashirika kadhaa ya kiraia zilifungwa kwa madai ya kufadhili ugaidi, zikaja kufunguliwa miezi michache baadaye. Na 2009 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu walivyokuwa wakishikiliwa na kuteswa na kikosi cha kupambana na ugaidi kwenye nyumba moja Kololo. Kila aliyepita mikononi mwa watu wa namna hiyo ana ndugu, na ndugu hao hawatapiga simu. Waislamu wenzetu wanalibeba zaidi. Baada ya milipuko ya 2021 kila mwenye ndevu na kanzu alitazamwa kwa jicho la pembeni kwenye taksi, kana kwamba nusu ya wanaume Wakristo wa Buganda hawavai kanzu siku ya kwenda ukweni. Shehe ambaye angekuwa wa kwanza kugundua kijana wake ameanza kupotea ndiye unayemfanya aogope kukiri kwamba kijana huyo aliwahi kuswali msikitini kwake.

Sasa kibandani. Wakala wa mobail mani anaona mengi kuliko giso. Naona mtu anayetuma pesa ndogo ndogo kwa namba tano tofauti ndani ya saa moja. Naona laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi wa miaka 70 ikitumiwa na kijana ambaye hamjui huyo bibi. Naona anayeniomba nimtolee pesa bila kuandika kwenye daftari. Mara nyingi ni biashara tu: mtu anamkwepa anayemdai, au ana mke wa pili Kasindi. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ile ya nchi zenye udhibiti dhaifu wa fedha haramu, Februari 2020, ikatolewa Februari 2024. Katika miaka hiyo fomu za kujaza ziliongezeka. Kitu kimoja sikukiona: mafunzo ya nusu siku kwa mawakala wa mpakani, kutuonyesha tofauti ya mwenye mke wa pili na mwenye kupokea fedha za waasi. Tunalipwa kamisheni kwa kila muamala. Anayekataa muamala anapoteza kamisheni na mteja, na hapati hata asante.

Ila wanaonisumbua roho ni vijana wanaopita. ADF hawaokoti watu kwa bunduki pekee. Kwa miaka mingi wamewavuta vijana kwa ahadi za kazi, biashara au masomo, wakawafikisha msituni Congo ndipo wakaambiwa ukweli. Kwa kijana wa Uganda ahadi hiyo inafanana na kitu anachokijua vizuri: kyeyo, yaani kazi za ughaibuni. Kila familia ina mtu Dubai au Saudia, na kila mtu anajua wakala wa kyeyo hupiga simu kutoka namba ngeni, husema usiwaambie watu wasije wakakuonea wivu, na hutuma nauli ya basi. Wanayosema wanaowapeleka watu Beni ni hayohayo. Kijana anafika Bwera na begi moja, anatoa elfu ishirini aliyotumiwa, anauliza njia ya kushuka mpakani, na ukimuuliza unamfuata nani anasema "kuna mzee atanipokea". Kwa maoni yangu shilingi moja inayotumika hapo, kwenye matangazo ya redio yanayoeleza wazi jinsi ulaghai huo unavyofanyika, kwa Kiswahili, Lukonzo, Luganda na Lusoga, inashinda shilingi mia za kumfuata kijana huyo akiwa tayari na bunduki.

Na akishafika huko? Mwaka 2000 Uganda ilipitisha Sheria ya Msamaha. Zaidi ya watu 26,000 waliacha uasi wakarudi, wengi wa LRA, waasi wa Joseph Kony, na wa ADF nao walikuwemo. Sheria ile ilitukanwa sana. Kumwona aliyekata watu akirudi na cheti chake na godoro la msaada kunauma, na si kila mmoja alistahili. Thomas Kwoyelo wa LRA alikataliwa msamaha, na Oktoba 2024 akahukumiwa Gulu miaka 40. Hivyo ndivyo ningependa iwe. Wakubwa wafike mahakamani, wadogo waachiwe mlango. Kijana wa msituni anayejua kwamba akitoroka atauawa na wenzake, na akifika kwetu atauawa na sisi, atabaki hukohuko, na atafanya anachoambiwa.

Operesheni Shujaa, ya majeshi ya Uganda na Congo dhidi ya ADF, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021, naipitia haraka kwa sababu mimi si mwanajeshi. Kambi zilivunjwa, makamanda walikufa, barabara ya kutoka mpakani kwenda Beni ikaanza kupitika. Lakini mzinga ukipigwa nyuki hutawanyika. Makundi yaliyotawanyika yameingia mkoa wa Ituri, hukohuko Congo, na kuua Wakongomani kwa mapanga vijijini. Julai 2025 waliua watu wapatao 40 waliokuwa kwenye ibada ya usiku kanisani Komanda. Wateja wangu wa Beni hawasherehekei takwimu za jeshi lolote. Mmoja aliniambia, "Mama, kwenu mkihesabu mwaka wa amani, sisi tunahesabu jamaa."

Kuna mambo madogo ambayo yangefanyika hata bila bajeti mpya. Mabweni mengi ya shule zetu yana nondo madirishani na mlango mmoja unaofungwa kwa kufuli la nje, kwa hofu ya wezi na ya wanafunzi kutoroka. Moto ukiwaka, nondo zilezile zinawazuia watoto. Mlango wa pili unaofunguka kwa nje si gharama ya kushinda wazazi wakichangishwa, na wazazi wa Bwera huchangishwa kila muhula kwa mambo ya kipuuzi kuliko hilo. Kila shule iliyo karibu na mpaka iwe na namba ya afisa mmoja anayejulikana kwa jina, na afisa huyo alazimike kupiga simu shuleni akipata habari, kama mwalimu anavyolazimika kumpigia.

Hayo bado. Wiki moja iliyopita mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniuliza kwa sauti ya chini: mwanawe anasema amepata kazi ng'ambo, hataki kusema ya nani, ampigie nani? Nilimwambia aanze na mwalimu wake wa zamani, yule ambaye kijana anamheshimu, kisha shehe wa msikiti wao, waende wote watatu wakakae na kijana leo hiihii kabla nauli haijaingia kwenye simu. Akiona wameshindwa, amtafute mwanasheria au mtu wa haki za binadamu pale Kasese, waende naye polisi. Kwa giso nilimwambia asiende peke yake.